“Umefumba macho”: mume wangu kaona video nikicheza tango bustanini

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, naishi Tabora mjini. Nina cherehani mbili barazani na msichana mmoja wa kunisaidia. Mume wangu anafanya kazi reli. Akiondoka leo, kurudi kwake ni baada ya siku nne au tano, mara nyingine wiki nzima. Tumeoana miaka 13 na hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa, maana angefoka ningejua pa kuanzia.

Mwezi wa tano mwaka huu mgongo ulinikamata kwa kuinamia cherehani. Mteja wangu mmoja, mwalimu, akaniambia wana kikundi kinacheza tango bustanini Jumanne na Jumamosi jioni, niende nikajinyooshe. Nilidhani ni mazoezi ya viungo yanayoenda na muziki. Nilipofika nikakuta watu kama 14 kwenye sakafu ya saruji chini ya miembe, spika ndogo imewekwa juu ya kiti cha plastiki, nao wanatembea wawili wawili, taratibu, kama watu wanaosindikizana. Kumbe tango ni dansi ya watu wawili, hakuna kukata kiuno, hakuna kelele. Mwalimu mwenyewe alijifunza Dar es Salaam kwa rafiki zake. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Jioni ile nilirudi nyumbani mgongo umeachia, nikapika huku naimba.

Basi nikawa mtu wa kwenda. Tunaanza saa kumi na moja, jua likishapungua makali. Adhana ya magharibi ikisikika tunazima spika, wa kuswali wanaenda kuswali. Wakirudi tunaendelea mpaka saa mbili kasoro. Juni na Julai tulikuwa tunacheza na masweta, kwa baridi ya hapa ilivyo.

Mume aliponipigia jioni kuuliza niko wapi nilimjibu, “Niko mazoezini.” Sikudanganya, ila sikusema kwamba katika mazoezi hayo ninashikwa mgongoni na mwanamume asiye yeye.

Wiki tatu zilizopita mpita njia alitupiga video ya kama sekunde 20, ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu, ikamfikia, akamrushia mdogo wake akiwa Kigoma kikazi.

Aliporudi alioga, akala, akasubiri watoto walale. Kisha akaweka simu mezani, akaicheza. Ni mimi kweli, na gauni langu la kitenge cha bluu. Nacheza na mzee mmoja mstaafu, paji langu la uso liko karibu na shavu lake. Ilipoisha akasema maneno mawili tu: “Umefumba macho.” Akaenda kulala. Tangu siku hiyo ananisalimia, anaacha pesa ya matumizi, anacheza na watoto. Jambo lenyewe haligusi, na usiku ananipa mgongo.

Wifi anamwambia kila anayemsikiliza kwamba nimeingia dansi ya Wazungu ya kukumbatiana na waume za watu. Kikundi nacho kimetikisika. Wanawake wawili wameacha. Waliobaki wengine wanataka tuchange tukodi ukumbi, tucheze usiku milango imefungwa, wapita njia wasituone. Mwalimu anataka jibu langu kabla Septemba haijaisha.

Niache, Shangazi? Nihamie ukumbini nicheze kimya kimya? Au niendelee, liwalo na liwe? Nampenda mume wangu. Na tango, Mungu anisamehe, naipenda pia.

Fundi Cherehani, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye tarehe. Ukumbi wa usiku wenye milango iliyofungwa, kataa. Mwambie mwalimu leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa hivi anayetaka kujua mnafanya nini anakuja kwa miguu yake, anasimama penye mwembe na kutazama mpaka atosheke. Anamwona mzee mstaafu, anamwona mwalimu, anawaona watoto wanaouza karanga wakiwaigiza pembeni. Mkishafunga mlango, zile sekunde 20 ndizo zitakazobaki kuwa ushahidi pekee, na kila mtu atajijazia mwenyewe kilichofuata. Nawe utakuwa unatoka nyumbani usiku mume akiwa safarini, kwenda mahali asipoweza kupita akakuona. Hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Kuchezea nje si kitu mlichokibuni ninyi. Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, katika bustani ya Barrancas de Belgrano, kuna kibanda cha muziki kiitwacho La Glorieta. Watu wanacheza tango pale jioni, wazee kwa vijana, bila kiingilio, huku wengine wakikatiza na mizigo yao. Joto lao ni Desemba hadi Februari, wakati sisi tunakanyaga matope. Jioni zenu za kucheza ni hizi za kiangazi, Mei hadi Oktoba, na mmejaliwa miembe ya Tabora. Ila nendeni kwa mtendaji wa mtaa mkamweleze kwa barua: siku gani, saa ngapi, na kwamba spika inazimwa adhana ikisikika. Hilo la adhana limenifurahisha sana. Na mtu akitoa simu kurekodi, mmoja wenu amwendee kwa adabu, amwombe asichukue sura za watu bila ruhusa, kisha amkaribishe akae.

Kuhusu wifi yako sitakaa sana. Usimjibu kwa kupitia watu wala kwenye grupu. Nenda kwake na kilo ya sukari kama mke wa mdogo wake, umsalimie, umwambie Jumamosi ijayo unamkaribisha aje atazame. Akikutajia dansi ya Wazungu, mweleze kwa upole. Tango ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya watu wa hali ya chini ya Buenos Aires na ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Walikuwemo wahamiaji kutoka Ulaya, na walikuwemo watu weusi, wazao wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Wote wana mkono wao ndani yake. Shughuli ya kucheza tango inaitwa milonga, na wanaofuatilia asili ya maneno wanalihusisha neno hilo na Kimbundu cha Angola, ambako mulonga ni neno na milonga ni maneno. Nasi Waswahili tuna kulonga, yaani kuzungumza. Mwaka 2009 UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliiweka tango katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa maombi ya Argentina na Uruguay kwa pamoja. Na mwanamume na mwanamke kushikana wakicheza si jambo jipya hapo kwenu. Huo ni mji wa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kama mama mkwe wako yuko hai, muulize mbele ya wifi yako rumba ilichezwaje enzi zao.

Hayo ni ya wifi. Ya mumeo ni mengine kabisa, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie kwa urefu.

Nimecheza tango miaka kadhaa, kwa hiyo najua kwa nini ulifumba macho. Katika tango mmoja anaongoza, mwingine anafuata. Anayefuata hapokei ishara kwa macho. Anazipokea kifuani na katika kiganja kilichotulia mgongoni mwake. Njia inatazamwa na anayeongoza, maana jozi zote zinazunguka upande mmoja, kinyume na mwendo wa saa, kila moja nyuma ya mwenzake bila kupitana ovyo. Mtu wa reli ataelewa hilo upesi kuliko mtu yeyote. Lakini ukifungua mazungumzo kwa kumweleza hayo, umeharibu. Mumeo hakukuuliza ufundi.

Sikiliza alichosema. Hakusema umeshikwa. Hakuuliza yule ni nani. Alisema umefumba macho. Mtu huyu siku nne, siku tano, analala ugenini na kula kwa mama ntilie, na kinachompa nguvu ni kwamba kuna nyumba moja duniani ambamo yeye ndiye mwenyewe. Simu ikaita akiwa Kigoma, akamwona mkewe ametulia. Ametulia mikononi mwa mtu ambaye jina lake halijawahi kutajwa nyumbani. Nakuuliza kwa mapenzi, mwanangu: mara ya mwisho kufumba macho kifuani kwake ilikuwa lini? Sikulaumu. Miaka 13, watoto wawili, madeni ya wateja na ratiba ya treni vinakula mengi, na kwa upande wake naye ni hivyo hivyo. Lakini nadhani ndicho anachojiuliza akikupa mgongo.

Umeniandikia kwamba hukudanganya. Ulidanganya. “Niko mazoezini” lilikuwa neno ulilolichagua kwa sababu lingepita bila maswali. Ungekuwa na amani nalo ungemsimulia tangu wiki ya kwanza, kama unavyomsimulia mteja aliyekataa kulipa. Basi kosa ni hilo, na ndilo la kuombea radhi, hilo peke yake. Sema: “Nilikwambia mazoezi kwa sababu niliogopa ungekataa. Hapo nilikukosea.” Kisha nyamaza. Usiweke lakini. Usiombe radhi kwa kucheza, maana hujutii, naye atalijua hilo siku utakayotamani kurudi.

Usiseme kwa simu, wala stesheni anaposhuka mbele ya wenzake. Chagua saa ile ile aliyoichagua yeye: ameshaoga, ameshakula, watoto wamelala. Akikaa kimya, nawe kaa naye kimya hapo hapo, usikimbilie vyombo.

Akishaanza kuuliza, hapo ndipo ueleze yote. Mtajie yule mzee kwa jina. Mwonyeshe hata viatu vyako. Mnaocheza kwenye saruji nje najua mnavyofanya: raba, na juu yake soksi kuukuu ili mguu uzunguke bila kuumiza goti. Mtolee zile soksi zilizotoboka kidoleni. Mwanamke anayekwenda kutafuta mwanamume havai hivyo, na mumeo ana macho.

Kisha mwalike aje, atazame tu. Mwambie wazi kwamba hatavutwa kucheza. Kuna mambo mawili nataka ayaone ambayo video haikuyabeba. La kwanza ni namna mwanamke anavyoombwa. Katika milonga mwanamume muungwana hakuvuti mkono wala hakujii kichwani ukiwa umekaa. Anakutazama akiwa mbali. Ukitaka kucheza naye unayapokea macho yake, anainamisha kichwa kidogo, nawe unaitikia vivyo hivyo. Ndiyo kabeseo. Usipotaka unatazama pengine, na hakuna aliyeaibika, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. La pili ni namna inavyokwisha. Nyimbo zinapigwa kwa fungu la tatu au nne, ndiyo tanda, halafu unaingia muziki mwingine kabisa wa nusu dakika hivi, kortina, na sakafu yote inakuwa tupu. Mwanamume anakushukuru na kukusindikiza mpaka ulipokaa. Zile sekunde 20 zilikatwa katikati: hazionyeshi kwamba kabla ya hapo uliulizwa, wala kwamba baadaye ulirudishwa. Kama kikundi chenu mmeyazembea haya kwa kuwa mnafahamiana, yarudisheni, na yasimamieni hasa. Kwa kortina wekeni kipande cha rumba ya Tabora Jazz, hata wanaotazama pembeni watajua kwamba sasa watu wanaachana.

Mzee mstaafu naye ana wajibu. Mumeo akifika, yeye ndiye amwendee, amsalimie, ajitambulishe, kabla muziki haujaanza. Mwambie nimesema mimi.

Kwa sasa, mpaka nyumba itulie, punguza mambo mawili. Cheza kwa kumbatio la wazi, vifua viko mbali, mikono tu ndiyo inayoshika. Tango haipungui kwa hilo, na wengi wanajifunza hivyo. Tena cheza zaidi na wanawake wenzako, ujifunze na kuongoza. Mwenye kuongoza hafumbi macho hata kidogo.

Hayo ni ya bustanini. La nyumbani nalitaka zaidi. Usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, mwombe wimbo mmoja uani. Mmoja tu, ni kama dakika tatu. Tafuta tango ya polepole ya orkestra ya Carlos Di Sarli, mpiga piano wa Argentina, ndiyo inayomfaa anayeanza, maana mdundo wake unasikika kama nyayo. Simameni mkitazamana. Mkono wake wa kulia ukae mgongoni mwako, chini kidogo ya bega, na wako wa kushoto begani kwake. Mikono mingine miwili ishikane bila kukaza. Msitembee kwanza. Ahamishie uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia, polepole, mpaka ujue amesimamia upi bila kuangalia chini. Wanaume wengi wanaona haya sehemu hii kuliko hatua zenyewe, kwa hiyo usimcheke na usimsahihishe. Halafu atembee, yeye mbele akianza na kushoto, wewe nyuma na kulia. Hatua nne, simameni. Nne tena. Uani kukifika mwisho, simameni, mgeuke, mrudi. Na hapo, mwanangu, fumba macho. Usimwambie kwamba umefumba. Atajua kwa namna uzito wako utakavyokaa kwake.

Huenda asipende. Marehemu mume wangu hakujifunza hata hatua moja. Alikuja akakaa kwenye kiti, akanishikia mkoba, na kortina ikilia ananiinulia chupa ya maji. Ilinitosha, naye ilimtosha. Wako atachagua lake.

Na akisema hapana kabisa, hataki uende? Muulize anachokiogopa, umsikilize mpaka mwisho, usibishane usiku huo. Sitakwambia uende kwa kumficha, na sitakwambia uzike kitu kilichokunyoosha mgongo na kukurudishia nyimbo jikoni. Mwombe tu msilimalize kwa hasira. Mvua zikianza Novemba sakafu ile italowa, na bustani itajifunga yenyewe mpaka Mei. Mtakuwa na miezi ya kulizungumza polepole, kila akirudi safari, na uani kwenu kupo. Mkeka ukunjeni kwanza, mfagie mchanga.

Shangazi